Masazo ya shamba na kompyuta kuukuu

Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi wa Université Catholique du Graben aliyekwenda siku hiyo kuchapisha TFC yake (kazi ya kuhitimu) kwenye kibanda cha fotokopi mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, asingeona tofauti yoyote. Kilichokoma ni masahihisho ya usalama ya bure kwa wote: tundu litakalogunduliwa baadaye litabaki wazi.

Shida humpata mwenye kibanda anapotaka kuhamia Windows 11. Mashine yake, tuseme Core i5 ya kizazi cha 7 yenye memori ya GB 8, inafungua Word bila kusitasita. Lakini inakataliwa, kwa kuwa orodha ya chipu za Intel zinazokubaliwa, isipokuwa chache, huanzia kizazi cha 8. Chipu za kizazi cha 7 zilianza kutoka 2016, Windows 11 ikatoka 2021. Miaka mitano tu! Kwenye mji unaopokea bidhaa kupitia Dubai au Kampala, kisha mpaka wa Kasindi, mashine ya umri huo ndiyo kwanza inafika.

Je, kampuni ya Microsoft ina deni gani kwa aliyenunua mtumba, ambaye hakuilipa hata faranga?

Jibu jepesi la kuilaani halitoshi, maana kutunza vya kale kuna gharama. Linus Torvalds alianza kuandika mfumo wa Linux mwaka 1991 kwenye mashine ya 386. Desemba 2012 yeye mwenyewe alikubali chipu hiyo iondolewe katika kiini cha mfumo. Ilikuwa ya 1985, na ilidai njia zake za pembeni kila watunzaji walipogusa sehemu zinazoratibu prosesa nyingi. Hata hivyo hakuna aliyefungiwa mlango: matoleo ya zamani yapo, msimbo uko wazi, na anayeipenda 386 yake anaweza kuendelea kuutengeneza.

Deni kwa asiyelipa lina kipimo cha kale: Kitabu cha Walawi katika Biblia, sura ya 19, kinamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni au kurudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Halazimishwi kuwavunia wala kuwapikia. Ruthu, mgeni kutoka Moabu, aliinama mwenyewe akaokota. Ni wajibu mdogo, lakini hauulizi kama mgeni alichangia mbegu.

Kwa kipimo hicho, kuacha kuhudumia mashine kuukuu si dhambi. Kinachokera ni jambo jingine: masahihisho ya Windows 10 kwa watu binafsi yanaendelea kutengenezwa hadi Oktoba 2026. Katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya yanatolewa bure, baada ya watetezi wa walaji kulalamika. Kwingineko mtu hulipa dola 30, au hutumia pointi za Microsoft, au hukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwa kampuni hiyo. Kazi imekwisha kufanyika, kwa hiyo hoja ya gharama, iliyowatetea vyema watu wa Linux, hapa inapwaya.

Hata hivyo masazo ya kuokota yapo: mashine ileile ya kizazi cha 7 hupokea Linux Mint bila ubishi, na programu ya LibreOffice hufungua TFC, ingawa majedwali yanaweza kuhama mahali pake na printa ya zamani ikakosa draiva. Simu ndiyo kesi ngumu zaidi. WhatsApp iliiacha iPhone 6 mwezi Mei 2025, na Apple haitoi njia yoyote ya kuiwekea mfumo mwingine, hata kama mjini Beni kuna fundi aliye tayari kujaribu.