Mjusi Aliyekufa Mbele ya Macho Yetu

Kisa hiki ni cha kweli, nami nilikuwamo. Sikisimulii ili kumcheka rafiki yangu, maana alipokosea yeye nami nilikosea.

Rafiki yangu ni mzaliwa wa Tanga, lakini ana miaka mingi sasa Ujerumani. Nyumbani kwao, kama kwetu sote, mjusi kafiri ni wa kufukuzwa kwa ufagio. Huko ughaibuni akaenda sokoni kwa wauza wanyama watambaao, akarudi na mjusi ndani ya kikopo cha plastiki, kwa bei ambayo hata mkewe hakuthubutu kumtajia. Kiangazi kile nilikuwa mgeni wao.

Alikuwa mjusi wa Madagaska, yule mwenye mkia mfano wa jani kavu. Wataalamu humwita Uroplatus phantasticus. Mkia wake una vishipa kama vya jani, na kingo zake zimechanika utadhani zimeliwa na viwavi. Mchana hujishikiza kijitini akatulia, ukamtazama usimwone. Hana kope, kwa hiyo husafisha macho kwa ulimi. Nilipomwona, nakiri, nilimwonea wivu mwenzangu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalianza kutanda kabla pesa hazijatoka mfukoni. Rafiki yangu alimuuliza muuzaji kama mjusi alizaliwa kizimbani au alikamatwa porini. Muuzaji akajibu kwamba mnyama ana afya njema. Swali lilikuwa moja, jibu likawa la swali lingine. Mijusi wote wa jenasi hiyo wamo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi uliopitishwa Bangkok mwaka 2004, na kuwauza nje ya nchi kunahitaji vibali. Mwenye karatasi safi huzitoa bila kusukumwa. Tena mjusi wa porini mara nyingi hufika ughaibuni akiwa amekaukiwa maji na ana minyoo.

Nyumbani tuliona mifupa ya nyonga imechomoza na macho yameingia ndani. Tukasema ni uchovu wa safari. Usiku tulipopulizia maji, alilamba matone kwenye kioo kwa muda mrefu sana, nasi tukafurahi kwamba anakunywa vizuri. Kumbe ilikuwa kiu ya siku nyingi. Asubuhi tuliwakuta nyenje tuliomwekea wazima wote, mmoja akitembea juu ya mgongo wa mjusi. Tukasema atazoea.

Linaloniuma zaidi ni la siku ya nne. Shemeji alipita sebuleni akasimama mbele ya kioo. "Huyu mjusi wenu kila siku hulala juu," akasema. "Leo mbona yuko chini, tena mchana?"

"Anatembea tu, mke wangu," rafiki yangu akamjibu.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 29. Sisi watu wa pwani tulijiambia kwamba mnyama wa upande wetu hawezi kuogopa joto. Hatukukumbuka kwamba kwao ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska, kama Ranomafana, penye ubaridi na unyevu. Nyuzi 18 hadi 24 zinamtosha. Alikuwa ametanua kinywa, chekundu ndani kama kidonda. Tulishasoma kwamba hutanua kinywa hivyo kumtisha adui, basi nikampiga picha na kumsifu kwa ushujaa wake. Hakuwa akimtisha mtu. Alikuwa anatweta.

Siku ya sita tulifunga safari kumpeleka kwa daktari wa wanyama. Alikufa njiani, mapajani mwa shemeji, ambaye hakumtaka tangu mwanzo.

Ndugu msomaji, mnyama aliyeumbwa asionekane huficha hata ugonjwa wake. Hatalia wala hatakufuata mlangoni. Atatulia vilevile kama jana, mpaka siku atakayoshindwa, na siku hiyo huwa umechelewa. Kwa hiyo kazi ya kuuliza ni yako kabla ya kununua: amezaliwa wapi, karatasi zake ziko wapi, kwako kuna joto kiasi gani mwezi wa Julai, na daktari gani wa karibu anawajua wanyama hawa? Likikosekana jibu moja, rudi nyumbani mikono mitupu. Na ukishamfuga, msikilize yule asiyempenda mnyama wako, kwani jicho lake halina mapenzi ya kulipofusha.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Wamalagasi peke yao. Katika msitu wa Kimboza, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, yuko mjusi mdogo wa rangi ya buluu, Lygodactylus williamsi. Alikamatwa kwa maelfu kupelekwa kwa wafugaji wa ng'ambo, na miti anamoishi ikakatwa ili wakamataji wamfikie. Mwaka 2016 ilibidi aingizwe katika Orodha ya Kwanza ya CITES, yenye masharti makali zaidi. Kila anayenunua bila kuuliza ana mkono wake katika shoka lile, nami nikiwemo.

Picha ile bado ninayo kwenye simu. Kila anayeniambia anataka kufuga mjusi wa namna hii ninamwonyesha, kisha ninamuuliza anaona nini. Wengi husema, "Anacheka."