Saa ya Kumi na Moja Sokoni

Neno la kutafakari: Mathayo 20:1–16



Habari ya mwenye shamba la mizabibu mmeisikia mara nyingi, na wengi wenu, hasa ninyi wainjilisti, mmeisoma mbele ya watu. Kwa desturi twaifundisha kwa ajili ya neema, kwamba Mungu hampimii mtu wokovu kwa wingi wa kazi zake. Mafundisho hayo ni ya kweli, wala hatuyaachi. Lakini leo nawasihi msimame nami kidogo pale sokoni, kabla hatujafika kwenye malipo. Maana saa za habari hii ni kama saa zetu wenyewe: saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja, jua likikaribia kuchwa. Na watu wangali wamesimama.

Angalieni jinsi bwana yule alivyosema nao. Aliwauliza sababu ya kukaa bure mchana kutwa, nao wakajibu kwamba hapana mtu aliyewapa kazi. Basi hakuwakemea, wala hakuwaita wavivu. Alilipokea jibu lao kuwa ni kweli, akawapeleka shambani.

Soko lile liko hata leo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, waliopeleka maombi walizidi 135,000. Fanyeni hesabu: kwa kila nafasi moja walisimama watu zaidi ya themanini. Je, tutasema kwamba wote waliorudi nyumbani mikono mitupu walikuwa wavivu? Kwa hiyo tujihadhari na neno la Mtume Paulo kwa Wathesalonike (2 Thes. 3:10), ambalo wengine hulishika kama fimbo ya kuwapigia vijana. Paulo amsema mtu asiyetaka kufanya kazi. Hamsemi mtu aliyeitafuta kazi asiione. Mambo haya mawili ni mbali mbali, na anayeyachanganya humwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa.

Sasa, huyu anayengoja afanye nini? Martin Luther alitufundisha kwamba wito wa Mungu si wa mapadre na watawa peke yao. Mama anyonyeshaye, mshona viatu na mkulima, kila mmoja anao wito wake, nao ni kumtumikia jirani mahali alipowekwa. Kumbe basi ajira na wito si kitu kimoja. Ajira hutolewa na wanadamu, nao waweza kukunyima. Wito hutoka kwa Mungu, na jirani mwenye haja hakosekani kamwe. Asiyeajiriwa hajaachwa pasipo kuitwa.

Hiyo ndiyo sababu tunamwambia kijana aliyehitimu: usiiache mikono yako ilale. Nenda ukajitolee katika shule iliyopungukiwa na walimu, au katika zahanati, au ukae kwa fundi kama mwanagenzi, au uombe nafasi ya kujifunza ndani ya ofisi. Jembe lisilolimiwa hushika kutu, na elimu ni vivyo hivyo. Tena, anayekuona ukifanya kazi ataweza kukushuhudia siku utakapoulizwa, Nani akujuaye? Na moyo wenyewe hupata nguvu, kwa maana kukaa bure huleta mawazo mazito ambayo wengi wameyaficha wasimwambie mtu.

Hata hivyo kijana asiingie gizani. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilitoa miongozo juu ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, kwa kuwa jambo hili lataka utaratibu. Basi uulize mapema: Nitajifunza nini? Nani atanifundisha? Mwisho wake ni lini? Nauli yangu itatoka wapi? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Hata wale wa kwanza katika habari yetu walipatana dinari moja kabla hawajalishika jembe.

Na hapa, ndugu zangu, sina budi kuungama kosa langu mwenyewe. Katika usharika niliokuwa nikiutumikia alikuwako binti mmoja aliyehitimu ualimu. Hakupata ajira, naye akajitolea kufundisha katika shule iliyokuwa jirani. Kila Jumapili ya mavuno nilimtaja mimbarani kuwa mfano mwema, na watu wakapiga makofi. Mwaka wa pili akatoweka. Nikamkuta sokoni, akiuza nyanya na mchicha. Nikamwuliza, kwa sauti yenye lawama kidogo, "Mwanangu, mbona umewaacha watoto?" Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Kujitolea sikukataa. Nilishindwa nauli na sabuni."

Nilirudi nyumbani nimeaibika. Miezi ile yote nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa ajili yake, nisimwulize hata mara moja alikula nini.

Labani alikuwa mtu mwenye hila, nanyi mnajua jinsi alivyomtenda Yakobo baadaye. Lakini hata Labani alimwuliza mpwa wake kama ni haki amtumikie bure kwa sababu tu ni ndugu yake, akamtaka ataje mshahara (Mwa. 29:15). Sisi hatukufika hata hapo. Kwetu udugu umekuwa sababu ya kutokuuliza. Twasema, "Anamtumikia Bwana," kisha twafunga mkoba. Yakobo mtume atuonya kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi (Yak. 5:4). Yeye anenea watu waliovuna mashamba ya matajiri. Lakini chombo cha sadaka nacho kina masikio.

Wazee wetu katika imani hawakufanya hivyo. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike katika mji mdogo wa Kaiserswerth, Ujerumani. Wanawake ambao hawakuwa na nafasi ya kazi yenye heshima walijifunza huko kuuguza wagonjwa na kulea watoto, mikono yao ikijifunza kwa kutenda. Florence Nightingale wa Uingereza naye alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Mashemasi hao hawakupokea mshahara kama waajiriwa. Lakini nyumba yao iliwapa chakula, mavazi na malazi, ikawatunza walipougua na walipozeeka. Walijitoa, wala hawakutupwa. Hilo ndilo neno la kushika: anayeupokea utumishi wa mtu ameupokea pia mwili wake wenye njaa.

Basi nawasihi wazee wa kanisa na wainjilisti. Waandikeni vijana wenu wasio na ajira, na kila mmoja ajuaye nini. Watafutieni mahali pa kujifunza kwa mafundi na katika shule zenu. Anayejitolea apate nauli, na chakula cha mchana, na mtu wa kumfundisha, na mwisho wa muda wake apewe barua ya ushuhuda. Na nafasi ya mshahara itokeapo, asisahauliwe yeye aliyebeba mzigo pasipo mshahara.

Sisi tulifanya hivyo tukiwa tumechelewa. Wazazi walikubali kutoa mahindi, debe kwa debe, na usharika ukatoa nauli. Yule binti alirudi kufundisha siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki akaendelea na nyanya zake. Ajira alikuwa bado anaingoja nilipohama. Sikuweza kumpa. Lakini hakuingoja tena peke yake.

Mwenye shamba alitoka mara tano siku ile. Hakutuma msimamizi, alikwenda mwenyewe, hata jioni, wakati ambapo hapana mwajiri mwingine aendaye sokoni. Bwana wetu ndiye huyo. Kama yeye hachoki kutoka, sisi watumishi wake tutakaaje nyumbani?

Ee Bwana, uwakumbuke wote wasimamao hata jioni. Utupe macho ya kuwaona, na mikono isiyozuia haki yao. Amin.