Nani Amemshika Mtoto Mkono?



Juma Kuu limekaribia, na majumbani mwetu watoto wameshaanza kuuliza: Pasaka hii tunakwenda wapi? Wapo wazazi wanaolikwepa swali hilo kwa sababu ya fedha au uchovu. Wapo pia waumini wema kabisa wanaoliona ni swali la anasa, kwamba Pasaka ni ya kanisani na matembezi ni ya kidunia. Wiki hii nataka kumtetea mtoto anayeuliza, Biblia ikiwa mkononi.

Kati ya kuzaliwa kwa Yesu na ubatizo wake, kuna kisa kimoja tu katika Injili kinachotuonyesha mtoto anayekua, anayetembea na kusema. Kimo katika Luka sura ya 2, kuanzia aya ya 41. Na kisa chenyewe ni cha safari ya familia wakati wa Pasaka. Luka anatuambia kwamba Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kupanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu hiyo, na Yesu alipofika umri wa miaka kumi na miwili walikwenda naye. Kwa hiyo Mwokozi wetu alikulia katika nyumba iliyofunga mizigo kila mwaka, ikafunga mlango na kutoka.

Desturi hiyo haikuwa ya Yusufu peke yake. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inataja sikukuu tatu za kusafiria katika mwaka: Pasaka pamoja na Mikate Isiyotiwa Chachu, Sikukuu ya Majuma, na Sikukuu ya Vibanda. Ukiisoma taratibu utaona Mungu anaagiza kitu ambacho hatukuzoea kukisikia kikiagizwa: anaagiza watu wafurahi, wao pamoja na wana wao na binti zao. Ile ya Vibanda ndiyo inayonigusa zaidi. Mambo ya Walawi sura ya 23 inawataka Waisraeli wakae siku saba katika vibanda, ili vizazi vijavyo vijue jinsi Bwana alivyowakalisha baba zao walipotoka Misri. Mtoto wa miaka sita aliyelala juma zima kwenye kibanda cha matawi hahitaji kulazimishwa kukumbuka jangwa. Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga watoto waujue wokovu kwa kutoka nyumbani, kwa kula nje, kwa kulala mahali pasipo pa kila siku. Basi mama anayefunga pilau kwenye hotipoti alfajiri ya Jumatatu ya Pasaka asione haya. Yumo katika kazi ya zamani na ya heshima.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Wengi walishuka bonde la Yordani hadi Yeriko, mji ulio chini ya usawa wa bahari, kisha wakaanza kupanda: karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 25 hivi. Watoto walikuwemo. Zaburi ya 120 hadi ya 134, zaburi 15, zinaitwa nyimbo za kupanda, na wengi husadiki kwamba mahujaji waliziimba wakiwa njiani. Mimi nasadiki watoto waliziimba kwa sauti kuliko wote, hasa walipochoka.

Kuhusu uchovu, kuna mzazi mwingine katika Biblia ambaye ningependa kila mwenye ratiba ndefu ya sikukuu amsikilize. Katika Mwanzo sura ya 33, Esau anamwomba Yakobo waongozane. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wadogo, mifugo inanyonyesha, wewe tangulia, mimi nitakuja polepole kwa kadiri watoto watakavyoweza. Alikuwa anazungumza na kaka yake mwenye watu 400, kaka ambaye Yakobo alimwogopa kwa miaka mingi, na bado mwendo wa watoto ulikuwa juu ya mwendo wa wakubwa.

Sisi hupanga kinyume. Asubuhi ibada, halafu kwa shangazi Tegeta, halafu ufukweni, halafu kwa baba mdogo Kibaha kwa sababu asipoonwa atanuna. Kufika saa kumi mtoto wa miaka minne ameshalia mara nyingi, amepigwa kofi, na mzazi anasema hatamtoa tena. Mtoto hana kosa hapo. Chagueni sehemu moja. Tokeni mapema kabla ya foleni, rudini kukiwa bado na mwanga. Mtoto aliyezoea kulala mchana mwacheni alale, hata kama ni mgongoni au kwenye mkeka chini ya mwashoki. Bebeni maji mengi kuliko soda, na nguo kavu za kubadilisha, maana Pasaka ya Dar es Salaam hukutana na masika. Baba mdogo atasubiri wiki nyingine. Yeye ni mtu mzima.

Sasa nafika kwenye kiini cha kisa cha Luka, nami nawasihi tukae hapo kidogo. Sikukuu iliisha, msafara ukaondoka, na Yesu akabaki Yerusalemu bila wazazi kujua. Walitembea siku nzima wakidhani yumo msafarani. Ndipo wakaanza kumtafuta kwa jamaa na marafiki. Hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa katikati ya watu wema: wajomba, mashangazi, majirani wa Nazareti. Na wingi wa watu wema ndio uliowatuliza wasiulize. Kila mmoja alidhani mtoto yuko na mwingine.

Hivyo ndivyo watoto wanavyopotea Coco Beach hadi leo. Mara nyingi anayepotea ni mtoto aliyekwenda na kundi kubwa la ukoo: akina mama kumi wamekaa kwenye mkeka, akina baba wako kwenye mishikaki, binamu wakubwa wamekwenda kununua mihogo. Mama anadhani yuko na baba yake. Baba anadhani amefuatana na binamu. Kwa hiyo, kabla hamjashuka kwenye gari, kila mtoto mdogo apewe mtu mzima mmoja, kwa jina, na watoto wenyewe wasikie: leo wewe uko na mama mkubwa. Mama mkubwa akitaka kwenda msalani amkabidhi mtoto kwa mdomo, asubiri aitikiwe, ndipo aende. Mpigeni mtoto picha asubuhi akiwa amevaa nguo za siku hiyo, ili mkiulizwa amevaa nini msianze kubishana. Andikeni namba ya simu kwa kalamu ndani ya ukosi wa shati. Na mfundisheni jina kamili la mzazi. Mtoto anayeulizwa mama yako anaitwa nani akajibu Mama Junior hajawasaidia wanaotaka kumrudisha, kwa maana ufukwe mzima una akina Mama Junior.

Nisemeje kuhusu bahari? Nimeshika majeneza madogo katika utumishi wangu, na ninaomba mnivumilie nikiwa mrefu hapa. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndugu zetu Waislamu nao husherehekea Idi el-Fitri mwezi unapoandama. Wazee wa pwani wanajua maana yake: mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua. Maana yake, sikukuu mbili zinazojaza watoto wengi ufukweni huja wakati wa bamvua au karibu nao. Katika bamvua maji hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Na kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha hurudi na kujaa kama saa kumi alasiri.

Iweke saa hiyo kando ya ratiba ya familia. Mnafika asubuhi, bahari imekwenda mbali, mchanga umetandazika, watoto wanakimbilia kwenye vidimbwi na miamba, na wazazi mnatulia kwa sababu maji hayafiki hata magotini. Baada ya chakula wakubwa wanasinzia. Hapo ndipo maji yanapokuwa njiani kurudi, yakipita kwanza kwenye mabonde ya mchanga nyuma ya watoto waliosimama mbali. Pale alipochezea saa tano akiwa amekauka, saa tisa pana kina cha kumfunika. Mwaka ambao Pasaka huchelewa siku sita au saba baada ya mwezi mpevu, mtakuta maji mafu na mabadiliko madogo, lakini hilo nalo ni la kuulizwa. Muulizeni mvuvi yeyote kabla ya kutandika mkeka. Atawajibu bila malipo. Mtoto akiwa majini mtu mzima awe majini pamoja naye, umbali wa mkono. Zile tyubu za matairi za kukodi zisiwape moyo, kwani mtoto huteleza katikati yake. Na mjue kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hana pumzi ya kupiga kelele.

Lipo jambo jingine nitakalolisema kwa ufupi kwa sababu linaumiza. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa muziki uliojaa kupita kiasi. Walikuwa wamekwenda kusherehekea. Tangu wakati huo polisi wamekuwa wakipiga marufuku disko toto wakati wa sikukuu, na bado kila mwaka wapo wanaotafuta ukumbi wa kuwakusanya watoto kwa kiingilio. Mzazi, usimnunulie mwanao tiketi ya kwenda mahali ambapo wewe mwenyewe hutakuwepo.

Baadhi yenu mtasema: mchungaji, fedha haipo. Nawasikia. Lakini mtoto hapimi siku kwa fedha. Kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, akiwa ameshika vyuma na kuangalia meli zikiingia bandarini, ni safari kamili kwa mtoto wa Tandika. Kijiji cha Makumbusho kiko kwenye njia ya daladala, na ndani mna nyumba za makabila mbalimbali za kuingia na kuzigusa. Wenye uwezo kidogo waende Bagamoyo, kilomita kama 70 tu. Misheni ya ndugu zetu Wakatoliki, iliyoanzishwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ililea watoto waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao waliufikisha mwili wake mwaka 1874, baada ya kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Watoto watauliza maswali magumu wakiona minyororo. Wajibuni. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinatarajia kwamba siku ya Pasaka mtoto atauliza maana ya yanayofanyika, na mzazi atakuwa na jibu.

Kuuliza ndiko kulikompendeza Yesu mwenyewe katika safari yake. Walipompata siku ya tatu alikuwa hekaluni, amekaa kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Wazee wale walikuwa na nafasi ya kukaa na kijana wa miaka kumi na miwili kutoka Galilaya. Simu zetu zinatunyima nafasi hiyo. Pigeni picha chache, kisha simu iingie mkobani, isipokuwa ya yule mliyekubaliana awe anapigiwa.

Namalizia na wale ambao Torati inawataja na sisi tunawasahau. Ile orodha ya watu wa kufurahi katika Kumbukumbu la Torati 16 haiishii kwa wana na binti. Inamtaja mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Dada wa kazi amekuwa akiamka saa kumi na moja siku zote za Kwaresima. Siku ya matembezi hubeba begi, hupakata mtoto mchanga, hulinda viatu vya wanaoogelea, na hula kilichobaki. Yeye naye ni binti wa mtu, na mara nyingi hajatimiza hata miaka ishirini. Jumatatu ya Pasaka mtoto mchanga abebwe na mama yake au baba yake, na dada aingie majini acheze, apate sahani yake pamoja na wengine.

Na yatima yupo. Yupo kwenye nyumba ya tatu kutoka kwako, analelewa na bibi ambaye miguu haimruhusu kwenda popote. Kabla ya Ijumaa Kuu, nenda ukabishe hodi. Msalimie bibi, muombe umchukue mjukuu wake Jumatatu, mwambie mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi, na ni nani atakayemshika mkono.