Mpaka wa Neno la Uchawi

Kanuni ni neno lililopewa mamlaka. Linapohusu jambo linaloonekana, kama mpaka wa shamba au idadi ya ng'ombe wa mahari, ugomvi wa tafsiri haukawii kwisha, maana watu waweza kwenda shambani wakapima, au zizini wakahesabu. Lakini kanuni inayotaja nguvu isiyoonekana haina shamba wala zizi la kuendewa. Yote yaliyomo humo yamo mikononi mwa mfasiri. Swali la insha hii ni hili: mtu aliyekabidhiwa kazi ya kufasiri kanuni za uchawi afuate nini, na aogope nini?

Yafaa tuanze mahali ambapo swali hili halimuumizi mtu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajitwalia nafsi ya kubuni: huyu askari, yule mwizi, wa tatu mchawi. Mmoja wao huwa mwamuzi. Yeye ndiye asimuliaye kisa na kukata shauri pale dadu zisipotosha. Uchawi wote umeandikwa kitabuni: umbali wake, muda wake na athari yake. Basi mchawi asemapo kwamba anatupa tufe la moto ndani ya pango, huzuka hoja. Katika kanuni za awali moto ule ulifuata umbo la mahali, hata aliyeutupa katika njia finyu aliweza kurudiwa nao mwenyewe. Je, utaunguza pia majani makavu ambayo kitabu hakikuyataja? Mmoja atasema kwamba moto ni moto. Mwingine atasema kwamba moto huu hauna asili nyingine ila maandishi, kwa hiyo hauwezi kutenda zaidi ya yaliyoandikwa.

Wachezaji wengi wazoefu hushika kauli ya pili: uchawi hutenda lile ulilosemewa, basi. Nadhani wana haki. Moto wa jikoni ulikuwapo kabla ya jina lake. Tukikosea katika kuueleza tutasahihishwa na moto wenyewe. Uchawi wa mchezo hauna wa kutusahihisha. Ukivuka neno lake, kilichovuka ni matakwa ya mwamuzi, nayo hayana mpaka. Mwamuzi mwema hulijua hilo, akajifunga kwa maandishi ili wenzake wasiwe watumwa wa fikira zake.

Sasa tuje Ugogo. Dodoma hupata mvua yapata milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na majuma machache ya jua kali katikati ya majira hayo yatosha kuua mtama na uwele. Katika nchi kame namna hii mtemi wa Kigogo alikuwa mwenye mawe ya mvua, na mila ilikuwa na kanuni zake: waganga wa kuendewa, mnyama mweusi wa kutambikia, na miiko ya kutunzwa na nchi. Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo, alizihifadhi mila za watu wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1954, nasi hatuna sababu ya kuzibeza. Ziliwakusanya watu wakati ambapo njaa ingeweza kuwatawanya.

Hata hivyo, kanuni za namna hii, popote duniani, zina mlango mmoja usiofungwa. Mvua ikinyesha, kanuni imethibitika. Isiponyesha, kanuni ingali kweli, ila yuko mtu aliyeivunja. Hapo mfasiri huacha kutazama mawingu, akaanza kutazama majirani. Utawala wa watemi ulifutwa na serikali mwaka 1963, lakini mlango ule ulibaki wazi. Katika nchi ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yalitiwa wekundu na moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu.

Sheria nayo imejaribu kazi hii. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa zama za Waingereza na kurithiwa na Tanzania, haikukiri kwamba uchawi upo. Ilihesabu kuwa uchawi hata kule kujidai tu kuwa na nguvu au ujuzi wa siri. Hiyo ilikuwa busara, maana majidai yaweza kushuhudiwa. Lakini sheria hiyo hiyo ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mshukiwa akae mahali fulani, akitosheka kwamba anawatia wengine hofu kwa uchawi wa kujidai. Hapa pana mtego. Hofu hukaa moyoni mwa anayeogopa, na mwenye kuogopwa hawezi kuitoa humo. Mfasiri asipoangalia, bibi kizee atahamishwa kwa kosa lililotendeka katika ndoto za jirani yake.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikutana na jambo hili mwaka 1951, katika shauri la Eria Galikuwa lililotoka Uganda. Ilisema kwamba imani ya uchawi, hata ikiwa ya kweli moyoni, haitoshi peke yake kuwa udhuru wa muuaji aliyedai kuchokozwa. Lazima marehemu awe ametenda jambo mbele ya mshtakiwa, tena jambo lenyewe liwe kosa la jinai. Wapo walioona hukumu hiyo kuwa ngumu kwa mtu aliyelelewa katika imani ile. Mimi naiona kuwa ndugu wa kauli ya wale wachezaji: mtu apimwe kwa lililotendwa, na neno lisibebeshwe mzigo lisioutaja.

Atatokea mpinzani aseme kwamba kufuata herufi hivi ni ugumu wa moyo, na kwamba matapeli hujificha nyuma ya herufi. Asema kweli kwa sehemu. Mpiga ramli mwenye kuwagombanisha ndugu aweza kujiita mganga wa tiba asili, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2002, akajiona salama. Jibu langu ni kwamba mizani hii ina upande. Neno laweza kunyooshwa kwa ajili ya rehema. Lisinyooshwe kwa ajili ya adhabu. Mpiga ramli huyo naye ahukumiwe kwa maneno aliyoyatamka na fedha alizozipokea, mambo yenye mashahidi, wala pasihitajiwe kujadili siri za usiku.

Basi mfasiri wa kanuni za uchawi afuate neno, na aogope nafsi yake. Mezani akikosea, mchezaji hupoteza nafsi ya kubuni, akachukua karatasi nyingine akaandika jina jipya. Kijijini akikosea, hapana karatasi ya pili.