Mwenyewe yuajua

Mpira wa gofu ukipotoka upande wa bahari kwenye uwanja wa Mombasa, hakuna anayehangaika kuutafuta. Unashuka na jabali, maji yanaumeza. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1911, uwanja wake una mashimo 9, na umekaa juu ya majabali ya matumbawe, karibu na mlango ambao meli hupitia kuingia Kilindini. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea shemeji yangu wa Likoni, naye anafahamiana na mzee mmoja aliyebeba mikoba ya wachezaji tangu ujana wake. Mzee akatuketisha kivulini.

"Mzee, mpira ukitumbukia huko inakuwaje?" nikamuuliza.

"Mchezaji yuajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu, kisha apiga mwingine."

"Na kama hakuna aliyemwona?"

"Mwenyewe yuajua, mwanangu."

Jibu hilo halijanitoka. Katika soka, mchezaji akigusa mpira kwa mkono na refa asione, tunamshangilia, hata tunamwita mjanja. Gofu humwacha mtu ukingoni na dhamiri yake, wenzake wakiwa mbali wanasaka mipira yao. Sisemi wacheza gofu ni waadilifu kutuzidi. Ila mchezo wao umejengwa juu ya imani kwamba mtu mzima anaweza kuhesabu makosa yake bila kusimamiwa, na imani hiyo naiheshimu sana.

Kingine kilichonigusa ni uwazi wa mahali pale. Kwa zaidi ya miaka 100, ardhi ambayo ingejaa majengo imebaki nyasi na upepo. Ni kweli, uwanja wa klabu si wa kila mtu. Lakini jirani tu, kwenye bustani ya Mama Ngina, bahari ni ile ile na haina kiingilio cha klabu: familia zimekaa karibu na mibuyu, wanakula mihogo, wanakunywa madafu, watoto wanazipungia meli mikono. Bustani hiyo ilitengenezwa upya, na Oktoba 2019 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapo hapo. Mimi ningechagua kuketi upande huo.

Kwetu Kidahwe, mkoani Kigoma, hatulioni Ziwa Tanganyika. Tuko kilomita zipatazo 28 kutoka Kigoma mjini, pale barabara za Kasulu na Uvinza zinapoachana. Lakini ziwa ni letu: migebuka na dagaa tunaokula wanatoka huko, na ndugu zetu wamejenga huko. Kila nikishuka mjini naitazama miinuko ya Bangwe na Katonga, maji ya buluu chini yake, milima ya Kongo ng'ambo, nami naona tuna majabali yasiyozidiwa uzuri na yale ya Mombasa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au wa ziwa. Hapo ndipo maneno ya yule mzee yananirudia. Hakuna ofisa atakayelala ufukweni akisubiri lori la mawe lije usiku. Anayechimba msingi anajua. Anayemuuzia kiwanja anajua, na mjumbe anayeshuhudia mauziano naye anajua.

Na ziwa lenyewe halidanganyiki. Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi huku Malagarasi na Rusizi ikimwaga kwa wingi, maji hupanda pole pole na kukawia kushuka. Mwaka 2021 yaliingia kwenye nyumba za watu pembezoni mwa ziwa. Wazee wa Ujiji hawakuhitaji kuhadithiwa: pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, leo pana mnara, na ufuko umesogea mbali nao. Ziwa huenda na kurudi.

Ningependa Manispaa ya Kigoma Ujiji isimike alama za zege kwenye zile mita 60, zionekane hata na mtoto. Kisha itenge mwinuko mmoja juu ya ziwa, usiwe na ukuta wala lango. Ipandwe miembe, viwekwe viti vya saruji na choo kinachofanya kazi, na mama muuza mihogo apewe pahala pake rasmi. Fedha zake hazitazidi uwezo wetu. Kinachotakiwa ni kuamua mapema, kabla viwanja vya juu havijaisha.