Chumvi Iliyobaki Guniani



Sisi tuliozeeka katika mtaa huu husemwa kwamba tumekula chumvi nyingi. Ni sifa njema, nasi huipokea kwa kucheka. Lakini Bwana wetu, alipoketi mlimani na kuwafundisha wanafunzi wake, hakuwasifu kwa chumvi waliyokula. Aliwaambia kwamba wao wenyewe ndio chumvi ya dunia (Mathayo 5:13). Neno hili tumelisikia tangu utotoni, na wengine wetu tumelifundisha darasani miaka mingi, hata masikio yamelizoea.

Tuliokulia pwani tunayajua majaruba ya chumvi. Maji ya bamvua huingizwa na kufungiwa, jua likayakausha siku baada ya siku, mpaka chumvi ikabaki chini, ikakwanguliwa na kurundikwa. Kule Uvinza, Kigoma, mbali na bahari, watu tangu kale walichemsha vyunguni maji ya chemchemi za chumvi. Ni kazi ya taabu, wala hakuna aifanyaye ili apate kutazama rundo jeupe. Mvuvi aitaka kwa ng'onda wake. Humpasua samaki, akamsugua chumvi mpaka penye mfupa, kisha akamwanika. Asipofanya hivyo, kesho yake pua itajua kabla ya macho. Ndivyo ilivyokuwa Galilaya pia, maana barafu haikuwako, na samaki wa ziwa lile walitiwa chumvi wapate kufika mbali.

Wanafunzi walipenda kutuuliza, chumvi hupotezaje ladha yake? Chumvi safi haiipotezi. Lakini ile ya kando ya Bahari ya Chumvi huchanganyika na udongo na madini mengine. Ikipatwa na unyevu, chumvi yenyewe huyeyuka ikaenda zake, likabaki vumbi tu. Kwa macho ni chumvi bado. Weupe upo na jina lipo.

Hapa ndipo tunapochomwa. Miezi michache iliyopita tulimzika ndugu mmoja, mwanakwaya wa miaka mingi. Tulikwenda kwa wingi, kwaya, Umoja wa Akina Mama katika sare zao, na sisi wazee mbele. Tuliimba vizuri, tukala ubwabwa wa matanga. Siku ya kuondoa tanga, ndugu za marehemu walimwambia mjane arudi kwao, kwani nyumba na shamba la minazi ni mali ya ukoo. Cherehani aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe ikabebwa mbele ya macho yetu. Baadhi yetu tulijua, kwa kuwa marehemu alitueleza kwa kinywa chake, ya kuwa shamba lile walilinunua wawili, mume na mke. Hata sheria tuliijua, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Mmoja wetu akasema, "Haya ni mambo ya kifamilia." Tukaliona neno hilo kuwa la hekima, tukachukua miavuli yetu tukaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata tulipokea Komunyo.

Kila Februari Kanisa letu humkumbuka Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda. Naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kasisi, tena amepita chuo cha ualimu kama baadhi yetu. Mwezi Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin, wakilalamikia mauaji ya watu na jinsi askari walivyoingia kwa nguvu nyumbani kwake kupekua. Aliuawa tarehe 16 ya mwezi huo huo. Alijua barua ile inakwenda kwa nani. Sisi tulikuwa mbele ya wanaukoo wachache wenye kelele, na kitu tulichoogopa kupoteza ni salamu zao njiani.

Lugha yetu nayo inatutega kidogo. Mtume Paulo anataka maneno yetu yakolezwe chumvi (Wakolosai 4:6), lakini kwetu kutia chumvi katika maneno ni kuongeza yasiyokuwapo. Twaona ni vema shahidi Mkristo ajihadhari na hiyo chumvi ya pili. Tukienda kusema habari za shamba lile, tuseme tulilolisikia kwa marehemu na basi, bila kuwapaka matope ndugu zake.

Tulikwenda kumwona mjane, tukiwa watatu. Amehamia chumba kimoja kwa dada yake. Alitukaribisha, akatupa viti, akatutilia chai. Hakutulaumu. Aliuliza tu, "Wazee wangu, mbona mmechelewa?" Hatukuwa na jibu, tukanywa chai.

Shauri la mirathi sasa limefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, nasi watatu tumeandikisha majina yetu kuwa mashahidi. Anayetaka kumsindikiza mama huyu siku ya shauri atuone baada ya ibada, hasa akina mama, maana hatupendi aende na wanaume peke yake. Mmoja wa shemeji zake ni mzee wa kanisa mwenzetu, tunaketi naye benchi moja. Jumapili mbili sasa hajatupa mkono wakati wa amani. Tunaendelea kuunyosha wetu.