Sababu za Kibinafsi

Nilipoacha chuo katika mwaka wa pili, nilipewa fomu ya kujaza. Karo ilikuwa imenishinda. Mama huchuna majani chai hapa Kericho, analipwa kwa kilo, na hakuna kilo zinazotosha karo ya chuo kikuu. Lakini penye nafasi ya kueleza sababu ya kuondoka sikuandika hayo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nami nikajibu kwa Kiingereza: sababu za kibinafsi. Nyumbani nako majirani waliambiwa niko likizo. Likizo hiyo inaendelea hadi leo.

Baadaye nilikutana na maneno hayo hayo kwenye kitabu cha mwanafalsafa Miranda Fricker, *Epistemic Injustice*, cha mwaka 2007. Anasimulia kisa cha Carmita Wood, mwanamke aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Profesa mmoja alikuwa akimshikashika, hata afya yake ikadhoofika, akaacha kazi. Alipoomba fedha za wasio na ajira, aliulizwa kwa nini aliacha. Akakosa neno. Akasema ni sababu za kibinafsi, na ombi lake likakataliwa. Mwaka 1975 yeye na wanawake wenzake waliketi, wakagundua kwamba kila mmoja ana kisa kama hicho, wakatafuta jina la kukiita. Ndipo Waingereza na Wamarekani wakapata msemo ambao sisi leo tunaufasiri kama unyanyasaji wa kingono. Fricker anasema kukosa neno la jambo linalokuumiza ni dhuluma yenyewe.

Nilisoma hayo nikakumbuka neno letu: kusumbua. "Supavaiza wa upande ule anasumbua." Nililisikia nikiwa mdogo, akina mama wakiosha sufuria jioni, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Na neno hilo lilifanya kazi. Mgeni aliyefika juzi kutafuta kibarua alijua kabla ya wiki kuisha asikubali kutumwa wapi peke yake, na ni nani asimwombe kazi nyepesi. Huo ulikuwa mtandao wa maarifa kabla ya simu za mkononi. Tatizo ni kwamba nzi pia anasumbua. Mtoto anasumbua. Ukilipeleka neno hilo ofisini, utaambiwa, "Kwani nani hasumbuliwi?"

Lakini je, kwetu neno lilikosekana kweli? Hapo ndipo naona kisa chetu si kile cha Fricker. Kiswahili kina unyanyasaji, kina dhuluma, kina ubakaji. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ina kifungu kuhusu mwenye mamlaka anayemwandama aliye chini yake. Maneno yalikuwepo. Hayakutoka tu midomoni.

Wanasaikolojia wa mkondo wa Freud wangesema yamezikwa. Mwaka 1895, Breuer na Freud walichapisha kisa cha Anna O., ambaye jina lake halisi lilikuwa Bertha Pappenheim. Kwa muda fulani alishindwa kuzungumza Kijerumani, lugha ya mama yake, akabaki na Kiingereza. Na ni kwa Kiingereza ndipo alipoibatiza tiba aliyokuwa akipewa: tiba ya kuzungumza. Mimi sikuona ajabu. Kwenye mashamba ya chai, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya hukutana katika Kiswahili, na nimewasikia hata watu wa kwetu wakihama lugha ghafla wanapofika penye aibu. Sentensi ya Kikipsigis ina uso wa mama ndani yake. Ya kuazima ni nyepesi kubeba.

Basi hapo Freud ananisaidia. Anaponiacha ni kwenye kuzikwa. Hakuna kilichozikwa Kericho. Kila mtu alijua, akiwa macho kabisa. Isitoshe, historia yake mwenyewe inaonyesha shida iko wapi. Mwaka 1896 aliwaambia madaktari wenzake kwamba wagonjwa wake walidhulumiwa kingono utotoni. Septemba 1897 akamwandikia rafiki yake Fliess kwamba haamini tena nadharia hiyo. Wasomi bado wanabishana kwa nini. Ninachokiona mimi ni kwamba msemaji alishasema, ila msikilizaji akaondoka. Mchuna chai hufanya hesabu hiyo kabla hajafungua mdomo: nikisema, nani atabaki nami? Huyu ninayemwambia ni shemeji ya nani? Kesho nitapewa kazi?

Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mashamba ya chai ya huku. Zaidi ya wanawake 70 walikuwa wamewaambia waandishi kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Dunia ikashtuka. Sisi tukasema, "Ah, hiyo si tulijua?" Nami nilisema hivyo, tena kwa majivuno kidogo, kama mwenyeji. Kisha nikaona haya. Kama tulijua, maarifa yetu yalitufanyia nini? Mnong'ono ukigawanywa kwa watu elfu, kila mmoja anabaki na kipande kidogo ambacho hakimdai chochote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuwahi kuniambia wazi. Alijibu akiendelea kuchambua mboga: "Ungefanya nini nalo?"

Sikuwa na jibu. Lakini mwaka jana binti ya shangazi alianza kibarua kwenye shamba moja, akanipigia simu jioni. Tukaongea hili na lile, halafu akasema, "Supavaiza wetu anasumbua." Neno *vumilia* lilishafika kwenye ulimi wangu. Nikalimeza, nikauliza, "Anakusumbua aje?"

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, kwa Kiswahili, mpaka kredi yake ikaisha.

Nikampigia.